Mkono wa Daudi

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipomkimbia Daudi. Nasema kumkimbia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hata kama magazeti yaliandika kwamba nimeamua kucheza peke yangu. Jana uliponiomba mimi kocha wako nimpigie simu mwenzako unayeteleza naye kwenye barafu, nimwambie humtaki tena, siku ile ilinirudia. Basi keti nikusimulie.

Daudi alikuwa mtoto wa nesi Mkenya pale Adelphi, huku huku ughaibuni. Baba yangu mimi alikuwa Mtanzania, dereva wa teksi Alexandria, mji wa jirani. Tulianza kuteleza pamoja kwenye barafu nikiwa na miaka kumi na miwili. Kila mara kabla ya kuninyanyua juu ya kichwa chake aliniuliza, "Uko tayari?" nami nilimjibu kwa kumbana kidole gumba. Miaka saba hakuniangusha hata mara moja. Tukawa mabingwa.

Kisha kocha wetu akanivuta pembeni, akasema nikiwa peke yangu nitafika mbali zaidi. "Daudi niachie mimi, nitaongea naye." Nilifurahi, we acha tu. Nilikuwa mwoga. Jumamosi ile nikaenda kufanya mazoezi ukumbi mwingine, na kumbe kocha hakuwa amesema kitu. Daudi alifika kama kawaida, akavaa viatu vyake vya kuteleza, akanisubiri saa nzima kwenye baridi ile, glavu zangu za akiba ziko mfukoni mwake. Aliyemweleza kwamba nimemwacha ni mama mmoja aliyekuwa anakodisha viatu pale mlangoni.

Jioni mama yake Daudi alikuja kwetu na sare yake ya kazi. Hakuketi.

"Mwanangu amekubeba juu miaka saba hakukuangusha," alisema. "Wewe umemwangusha akiwa amesimama chini."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nikajifanya nahangaika na kamba za viatu.

Mwaka uliofuata nikawa bingwa peke yangu. Medali ile pale ukutani, ninyi mnapenda kupiga nayo picha. Mimi naichukia. Kila mwaka nilisema nitamtafuta Daudi, na kila mwaka nikaahirisha. Mwaka jana mama yake alifariki, nikaenda msibani, nikapanga foleni na wengine kumpa Daudi pole. Alinipa mkono. Nikambana kidole gumba. Akautoa taratibu, akasema, "Asante kwa kuja, dada," akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo simu hiyo sipigi, mwanangu. Kutaka kucheza peke yako si kosa, ni haki yako kabisa. Lakini nenda wewe mwenyewe, leo, kabla hajavaa viatu, umwambie ukimtazama usoni, hata ukilia, hata akikutukana. Aibu hiyo itaisha wiki hii hii. Yangu nimezeeka nayo.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuuomba. Na siku mtakapokutana uzeeni, akujalie mwenzako akuite kwa jina lako.