Mtu wa Milimani Tuliyemchangia

Harufu ya dizeli ikinipita hapa Waberi, mtaa wa Garissa, hata ikiwa ni ya lori la mchanga tu linalopanda kutoka mtoni, miguu yangu huhisi mchanga wa baridi wa mahali nilipokuwa nikiwa na umri wa miaka tisa. Palikuwa kisimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji mdogo wa Griftu, ambako familia nyingi zilikusanyika kila kiangazi kwa sababu maji hayakuwa kwingine. Ardhi ile ni tambarare. Ukiwa juu ya ngamia unaona mpaka macho yanachoka, na kitu kirefu kuliko vyote ni kichuguu. Nasema haya ili msomaji aelewe kwamba pale kisimani hakuna aliyewahi kuuona mlima, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Abti Nuur, mdogo wake mama. Abti ndivyo tunavyomwita mjomba, na mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wa kiume, kwa kuwa ndiye peke yake aliyezungumza nami kama mtu mzima. Alikuwa amefanya kazi ya utingo kwenye malori, akafika Isiolo na Nanyuki, akajua Kiswahili, akavaa saa ya mkononi iliyokuwa haitembei. Wasomali husema asiyetembea nchi hana macho, na sisi macho yetu yalikuwa Abti Nuur. Kwa hiyo lori la sinema lilipofika jioni moja, na shuka jeupe likatandazwa baina ya nguzo mbili, ni yeye aliyeombwa asimame kando, ashike kipaza sauti, atufasirie kwa lugha yetu. Jenereta iliwashwa baada ya sala ya isha. Harufu yake ikafunika ile ya ngamia na ya moshi, na watoto wadogo wakalia kwa ule mngurumo.

Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchemsha maji na kuchanja ng'ombe. Kisha ikaja hadithi ya mtu mmoja aliyeishi milimani, katika nchi ambayo jina lake sikulishika. Alikuwa na mke, mtoto mchanga, na kundi dogo la kondoo. Mlima wenyewe ulikuwa mawe matupu yaliyosimama mpaka mawinguni. Mtu yule alibeba udongo kwa kikapu mgongoni kutoka bondeni ili apate mahali pa kupanda, mvua ikaushusha wote chini, naye akaanza kubeba tena. Baridi ikaja, na vitu vyeupe vikaanza kuanguka. Abti akasema ni mvua iliyoganda. Sisi tuliona ni chumvi. Kondoo wakafukiwa wakiwa hai. Mke akafa, na yule mtu akamchimbia kaburi kwa sululu katika ardhi ngumu kama chuma, akisimama mara kwa mara kupuliza vidole vyake.

“Kwa nini hahami?” aliuliza mzee mmoja nyuma yangu. “Mwambie ahame.”

“Hakusikii,” Abti akamjibu.

“Basi ana shingo ngumu. Anakaa juu ya jiwe kama nyani, halafu analia.”

Watu wakacheka. Bibi mmoja akamgeukia yule mzee. “Ngamia wako walipokufa ulikaa kwa shemeji zako miaka miwili ukila. Nani alikuita nyani?” Wakacheka zaidi. Kisha yule bibi akauliza lile ambalo kwetu huwa swali la kwanza: mtu huyu ni wa ukoo gani, na jamaa zake wako wapi?

Abti alikawia kujibu. Najua alikawia, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye na si shuka. “Hana mtu,” akasema. “Amebaki na mtoto tu, na mtoto hana maziwa.” Mkanda ukaisha huku yule mtu akiwa amesimama ukingoni, mtoto amemfunga kifuani, upepo unampiga. Jenereta ikazimwa, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa yanipasa nieleze desturi. Mfugaji akipoteza mifugo kwa ukame au ugonjwa, jamaa humchangia: huyu kondoo, yule mbuzi jike, mwenye uwezo ngamia mchanga, mpaka asimame tena. Hakuna aibu ndani yake, kwa kuwa kesho zamu ni yako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na asiye na jamaa huwa jamaa ya wale waliomwona akiteseka. Sisi tulikuwa tumemwona. Alfajiri, baada ya sala, baba yangu alisimama mbele ya wanaume akasema kwamba Mwenyezi Mungu atatuuliza juu ya mtu yule. Hakuna aliyebisha. Hata yule mzee wa nyani alileta kondoo. Kabla jua halijapata joto, wanyama kumi na wawili walikuwa wamefungwa kando ya lori, na Abti Nuur amekubali kusafiri nao mpaka kwa mwenyewe. Dereva, mtu wa bara mwenye uso wa upole, aliwatazama wale wanyama, akalionyesha shuka lililokunjwa, akatikisa mkono kukataa. Abti akamshika bega, akaenda naye upande wa pili wa lori, nikawasikia wakisema kwa Kiswahili ambacho sikukijua. Waliporudi dereva alikuwa akitazama chini. Akasaidia kupakia.

Mmoja wa wanyama wale alikuwa wangu. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama siku ya kufungwa kitovu, na uzao wa mnyama huyo ni mali yake. Uzao wa mbuzi wangu wa kitovu ulikuwa umekwisha katika ukame wa mwaka uliotangulia, akabaki mmoja, Adey, yaani mweupe, ingawa sikio lake la kushoto lilikuwa jekundu. Mwanawe alikuwa amechinjiwa mgeni, naye alitupa maziwa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Hakuna aliyenituma. Nilimvuta kwa kamba mpaka kwa Abti, nikamwambia huyu ni wa mtoto.

“Mtoto yupi?”

“Wa milimani. Asiye na maziwa.”

Alinitazama muda mrefu. Akanipapasa kichwa, akaichukua kamba. Baba, aliyekuwa karibu, akaniambia, “Alikuwa wako, na umemtoa. Anayerudia alichokitoa ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Ndivyo Mtume alivyotufundisha, rehema na amani zimshukie.” Sikulia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena kwa namna ile, hata siku Mola aliponijalia kufika Makka.

Majuma mawili baadaye mama na mimi tulipeleka samli Griftu siku ya mnada. Nyuma ya kibanda cha chai alikuwa amefungwa mbuzi, akaanza kulia nilipopita. Alinijua kabla sijamjua. Sikio jekundu, na juu yake mkato wa alama ya ukoo wetu.

“Mbuzi huyu umempata wapi?” mama alimwuliza mwenye kibanda.

“Huyu? Kwa Nuur wa sinema. Alishusha kundi zima hapa, akauza kabla ya adhuhuri kama mtu anayekimbia mvua. Wamtaka? Simwuzi. Ana maziwa mengi kuliko maneno ya mume wangu.”

Mama alivuta mtandio akafunika mdomo. Hatukunywa chai. Njiani nilisema, “Hooyo, yule ni Adey,” naye akanijibu bila kugeuka kwamba nimekwisha kutoa, na kwamba nilimsikia baba juu ya mbwa na matapishi. Tulitembea kitambo. Kisha akasimama, akanishika mabega yote mawili. “Baba yako asisikie. Nuur ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Niahidi.” Nikaahidi. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako; siku ile nguo yenyewe ilikuwa mama, na maneno ya Mtume ndiyo aliyonifungia mdomo.

Abti Nuur alirudi mwezi uliofuata, amevaa kikoi kipya, amebeba halwa. Baba alimkaribisha kwenye mkeka, akangoja amalize maziwa, kama heshima inavyotaka, ndipo akamwuliza habari za yule mtu.

“Alilia, shemeji,” Abti akasema. “Alilia kama mwanamke. Akainua mikono akawaombea dua, mmoja mmoja.”

“Na mtoto?”

“Mtoto amenenepa.”

“Alhamdulillahi,” baba akasema, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Mama alikuwa akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Abti akaniita, akanipa kipande cha halwa, akanikonyeza. Nami niliila. Hilo sijalisahau. Ilikuwa tamu, na niliimaliza.

Lisilosemeka ni kwamba bado niliamini mtoto yuko. Nilidhani Abti amemwibia mtoto wa milimani maziwa yake, na kwa miaka miwili kila jioni kikombe kilipopita mkononi mwangu nilimfikiria mtoto yule akilia juu ya mawe. Niliomba afe upesi asiteseke, kisha nikaomba Mungu anisamehe kwa dua hiyo. Nilipopelekwa Garissa kwa shangazi yangu ili nisome, mwalimu mmoja alitueleza darasani kwamba watu wa sinema ni wachezaji, wanalipwa, na wakimaliza wanakwenda kwao kula. Wanafunzi wenzangu walifurahi kujua. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilikuwa nimemwombea kifo mtoto ambaye huenda jioni ileile ya kupigwa picha alishibishwa na mama yake mzazi.

Abti Nuur alihamia Garissa akafanikiwa, akafungua duka la nguo. Alikuwa mkarimu, mchangamfu, hapitwi na arusi. Na katika kila arusi, watu wakishashiba, aliombwa asimulie kisa cha washamba wa kisimani waliochangia picha. Alijua kukisimulia. Aliiga sauti ya baba akisimama baada ya sala, aliiga bibi akiuliza ukoo, aliniiga mimi nikivuta kamba: “Huyu ni wa mtoto!” Watu walishika mbavu. Hakuna aliyeuliza wanyama waliishia wapi, naye hakusema. Alikisimulia hata katika arusi yangu, mama akiwa ameketi karibu nami, akicheka pamoja na wengine huku mkono wake ukinibana goti. Baba hakuwapo. Alikuwa amekwisha kufa kule Griftu, na katika dua zake za mwisho, shangazi aliyekuwapo aliniambia, alimtaja yule mtu wa milimani.

Mama alifuata, kisha Abti Nuur mwenyewe. Siku ya jeneza lake imamu aliuliza, kama inavyoulizwa, ikiwa yupo mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze au asamehe. Nilikuwa miongoni mwa wanawake, nikasema moyoni kwamba mbuzi nimemsamehe, na nilisema kweli. Nimefundisha mabinti Kurani kwa zaidi ya miaka thelathini, na najua kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Sadaka ya baba ilifika kwa Mola hata kama haikufika mlimani, na ya yule mtoto wa kike wa miaka tisa pia. Kwa hilo nashukuru. Kile kicheko cha arusini ndicho ambacho kila mara ninapodhani nimekisamehe, nakikuta bado kipo. Naendelea kumwomba Mungu, na subira ni yake.

Siku hizi sinema iko mkononi mwa kila mtoto. Wajukuu zangu huangalia mtu akifiwa, hutoa machozi mawili, kisha hupitisha kidole akaja mwingine anayecheza ngoma. “Ayeeyo, ni filamu tu,” wananiambia mimi bibi yao. Katika simu hizohizo huja picha za watu walioharibikiwa kweli. Katika ukame uliopita, kikundi chetu cha akina mama wa madrasa kilitumiwa picha ya mfugaji mmoja ng'ambo ya Masalani, ameketi katikati ya mizoga, watoto watatu nyuma yake. Wenzangu walitaka kutoa siku ileile. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa wao, niliwazuia. Nani kapiga picha hii? Nani anamjua? Ina siku ngapi? Nilipiga simu kwa huyu na yule, nikataka mtu aende amwone, nikataka mtu wa pili amhakikishe wa kwanza. Niliona ni busara, na wote walinisifu. Jambo ambalo baba yangu alilimaliza kabla jua halijapata joto, mimi lilinichukua siku tisa.

Tulipofika na kondoo na unga, palikuwa na fito za kibanda zimesimama bila mikeka. Jirani yake, mwanamke kijana aliyekuwa akitwanga, alituambia kwamba mwenyewe aliondoka na watoto wake kwa miguu siku mbili kabla, hakusema waendako.

“Alikuwa akingoja,” akasema. “Aliambiwa picha yake imefika Garissa.”

Nilimweleza kwamba tulikuwa tukihakikisha kwanza.

“Mlikuwa mkihakikisha nini, mama?” akaniuliza. Aliuliza kwa upole, mchi umesimama hewani, kama mtu asiyeelewa kabisa, na alingoja nimjibu.