Kopo la Silva Nililosahau Kuligeuza

Geti letu hapa Kisesa lilikuwa aibu ya mtaa. Mimi ni fundi rangi, nimepaka maboti, matangi na mageti ya watu kuanzia Mwanza mjini mpaka Magu, halafu geti la kwangu limejaa kutu. Watu wakiuliza nawajibu kwamba nasubiri. Na kweli nilikuwa nasubiri.

Nilikuwa na kopo moja la rangi ya silva. Siyo ile ya dukani iliyochanganywa tayari, hapana. Hii inakuja nzito kama siagi, unaichanganya mwenyewe na vanishi siku ya kupaka. Nilipewa siku naacha kazi kwenye karakana ya boti. Wenzangu wakistaafu hupewa saa ya ukutani, mimi nikapewa silva, na sikulalamika maana saa nilikuwa nayo, ingawa haitembei. Nikamwambia binti yetu wa mwisho, wakati huo bado anasoma: siku watu wakija kukuposa, watapita kwenye geti linalong'aa. Nikasema hayo mbele ya mama yake, na hapo ndipo nilipojifunga, maana mama yake hasahau kitu.

Shule niliishia la tatu, lakini habari za silva nazijua. Alitufundisha msimamizi wetu wa karakana, Mkerewe mmoja mpenda michembe, yaani hivi viazi vitamu vya kukausha. Alitembea navyo mfukoni, anatafuna huku anakugombeza, na ukigombezwa na mtu anayetafuna unashindwa kuogopa. Basi yeye alisema silva ikikaa inatulia, inashuka chini na kushikana. Ndiyo maana kila Jumamosi kabla ya kufunga tuligeuza makopo yote kichwa chini, Jumamosi nyingine tunayarudisha.

"Hii siyo unga," alikuwa anasema, "ni magamba madogo, kama ya sangara. Yakilala vizuri yanang'aa. Ukiyakunjakunja, umepata majivu."

Makopo ya karakana niliyageuza miaka mingi. La kwangu nikalisukuma chini ya kitanda, basi. Nisiseme uongo: kiatu kilichopotelea huko niliwahi kukitafuta, kopo sikuligusa.

Mwaka jana wageni wakatuma ujumbe kutoka Busisi, wanakuja Jumamosi kuposa. Alhamisi nikafungua kopo. Juu kuna tina safi, ile ya kulainishia rangi, unauona uso wako. Nikachovya kijiti. Kikafika nusu, kikagonga, kikavunjika.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu anapepeta karanga zake za sokoni. "Kimegonga nini?"

"Silva."

"Makopo ya watu ulikuwa unayageuza kila Jumamosi," akasema, "la mwanao umelilalia."

Nikachimba nusu ya ule mgando kwa kisu, nikautia kwenye ndoo na vanishi, nikaenda kwa jirani fundi wa kuchomelea kuazima drili yake. Tukafunga nondo iliyopindwa mbele yake. "Dakika tano tu, mzee," jirani akasema, "inakuwa laini kama mtindi." Tukakoroga, ikawa laini kweli. Magamba ya yule Mkerewe yalinijia kichwani, nikayafukuza, maana nilikuwa na haraka. Geti lina milango miwili. Ijumaa asubuhi nikapaka wa kushoto.

Mke wangu aliporudi sokoni akasimama, beseni kichwani.

"Baba, hii ndiyo silva?"

"Ikikauka itang'aa."

Akaweka kidole. "Imekauka."

Ilikuwa ya kijivu kama tope la ufukweni lililopigwa jua. Binti alichungulia dirishani, akavuta pazia. Hilo liliniuma kuliko angesema.

"Mayu," nikamwita mke wangu kwa Kisukuma, nikitaka kitu ndivyo ninavyomwita, "tufanyeje?"

"Nipe kopo. Na mwiko. Ile drili mrudishie mwenyewe."

Huyu mwanamke anauza karanga za kusaga. Chupa zake ziko kichwa chini kwenye rafu, na mimi nilikuwa namcheka eti amezipanga kama mlevi. Karanga za kusaga nazo zinatulia, mafuta juu, chini jiwe. Akakaa na kopo miguuni, akadondosha tina kiasi cha kijiko, akabonyeza kwa mwiko pembeni ya kopo, akasubiri. Kijiko kingine, akabonyeza.

"Ongeza basi," nikasema.

"Uji wewe unamwaga maji yote mara moja? Ndiyo maana uji wako una madonge."

Alibonyeza mchana kutwa, hapigi wala hakorogi kwa nguvu. Jioni ikalegea, akanipa mwiko nione. Iling'aa mpaka nikatafuta kofia.

Jumamosi alfajiri nikatia vanishi, nikapaka mlango wa kulia. Sikuwa na wasiwasi wa kukauka, maana watu wa Busisi wanachelewa, wanangoja feri ya Kigongo. Nimezeeka jamani, nilisahau siku hizi kuna daraja. Saa nne kamili wako getini na suti zao.

Baba mkubwa wa kijana, aliyewahi kufanya kazi kwenye feri, hakuingia. Akagusa kushoto, akagusa kulia, kidole kikatoka na silva. Mimi najifanya natafuta ufunguo, na geti halijafungwa.

"Mkwe," akasema, "huu wa kushoto mmeutia mashine."

"Kidogo tu."

"Kidogo! Mmeuua. Kwenye feri tungekuvua ovaroli." Wenzake wakacheka. "Na huu wa kulia kafanya nani?"

"Mama yake binti. Kwa mwiko."

Akatazama kidole chake, akamtazama mke wangu aliyekuja kuwapokea. "Na binti kafundishwa na nani, wewe au mama?"

"Mama," nikasema haraka.

"Basi tuingie."

Binti alikuwa kwenye kibaraza na kanga yake mpya, amesikia yote. Nilipompita nikamwambia, "Mwanangu, nilisema lote litang'aa."

"Waliingilia kulia, baba," akanijibu. "Umetimiza."

Mlango wa kushoto mpaka leo ni kijivu. Silva iliyobaki iko kwenye rafu katikati ya chupa za karanga, na Jumamosi mama akigeuza zake, anageuza na yangu.