Turntable Niliyoikanyaga Bila Kujua

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi! Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kanisani, kwenye vikao, hata mbele ya daktari. Nimetoka Tandika, Dar es Salaam, na darasa la saba langu, leo nina magari matatu ya kampuni ya usafi hapa London, nina wafanyakazi wenye digrii, nina nyumba Ilford yenye bustani kwa nyuma. Nishangazwe na nini tena?

Basi nilishangazwa. Na sakafu.

Jamani, nimekosa. Nimemkosea kijana asiye na hatia, na kosa hilo nililikalia zaidi ya mwaka huku watu wakinipigia makofi. Jina langu nalificha, ingawa mtu yeyote aliyekuwepo siku ile atanijua kabla hajafika katikati.

Ilikuwa harusi ya mpwa wangu, Neema, mtoto wa dada yangu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Na hata angekuwa hai, ningekuwa mimi tu.

Kumbi zote tulizozitaka zilikuwa zimeshachukuliwa. Ndipo nikaona tangazo la banda la zamani la tramu, upande wa Thornton Heath. Tramu ni yale mabehewa ya umeme yaliyokuwa yakipita kwenye reli za barabarani yakiwapeleka watu vitongojini. Humo bandani ndimo yalimokuwa yakilala na kutengenezwa. Siku hizi wanakodisha kwa sherehe. Tangazo lilisema kuna ukumbi mkubwa, jiko, maegesho, na turntable ya asili inayofanya kazi vizuri.

Turntable! Hapo moyo ukaruka. Neno hilo nalijua tangu ujana. Ni ile mashine ya disko ya kuzungushia santuri. Kwetu Tandika kulikuwa na baa yenye mashine hiyo, na mimi, kabla sijajua hata kunyoa ndevu, ndiye niliyekuwa nikiachiwa niizungushe mwenye baa akienda kula. Wasichana walikuwa wananiita Fundi Santuri. Mnaona mambo hayo?

Nikapiga simu hapohapo. Akapokea mama mmoja Mzungu, Maureen, mwenye funguo za banda.

“Turntable mtaitumia?” akaniuliza.

“Mama, hiyo ndiyo iliyonileta.”

Alifurahi kama nimempelekea posa! “Wengi hawaijali. Mna mtu anayejua kuizungusha?”

“Unaongea naye.”

“Msiizungushe kwa kasi tu. Ni ya zamani.”

“Tutaanza polepole, watu wakishashiba ndiyo tutaongeza.”

“Na uzito je? Mtaweka mzito?”

“Mama, sisi Waafrika tunapenda mzito!” Nilidhani anaongelea besi.

Akasema ataitia grisi kabla hatujafika. Grisi kwenye mashine ya muziki? Nilisita kidogo. Lakini mtu asiyeshangazwa hana maswali, si ndiyo? Nikamwambia, “Tia nyingi.”

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Kamati ilikuwa imeshampa kazi kijana mmoja anaitwa Elia. Mchana anauza viatu dukani Stratford, wikiendi ni DJ. Kijana mpole, spika zake amezinunua moja moja kwa mshahara wa viatu. Bei yake pauni mia tatu na hamsini. Mimi nikajiona ukumbini, suti nyeupe, hedifoni shingoni, Fundi Santuri amerudi! Wiki ya harusi nikampigia simu.

“Elia, mwanangu, pumzika. Mambo ya muziki nimeyamaliza.”

“Mjomba, nimeshaomba ruhusa kazini.”

“Irudishe.”

Ndivyo nilivyomjibu. Irudishe! Kama ruhusa ni shati. Wala kamati sikuiambia. Nilitaka wote waje wanikute nimesimama kwenye mashine.

Siku ikafika. Neema na wenzake wako kanisani, mimi nimetangulia ukumbini na sanduku langu la santuri, zito kama gunia la mchele. Mlangoni nikakutana na dada yangu, alikuwa amepita kuangalia mapambo kabla ya kwenda kanisani.

“Kaka, nini hicho?”

“Sahani,” nikasema. Si uongo, hata santuri ni sahani.

“Sahani si zipo jikoni?”

“Wewe nenda kanisani.”

Nikaingia. Ukumbi mzuri, dari juu kabisa, nguzo za chuma, meza zimepangwa duara kuacha uwazi katikati. Maureen akaja amevaa buti za kazi na gauni la maua, amejipodoa kwa ajili yetu. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakuna mashine. Hakuna hata spika.

“Mama, turntable iko wapi?”

“Unaikanyaga.”

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimesimama juu ya sinia la chuma lenye ukubwa wa sebule yangu na ya jirani zikiunganishwa, limelala sawa na sakafu, reli mbili zimepita juu yake. Maureen akaanza kunieleza kwa furaha. Behewa la tramu ni refu, na banda halina nafasi ya kuligeuza. Kwa hiyo walikuwa wanalisukuma juu ya sinia, wanazungusha sinia na behewa lake, kisha wanalisukuma kwenye reli nyingine, hii ya mafundi rangi, ile ya mafundi magurudumu. Fito ndefu za kusukumia alikuwa ameshazichomeka kwenye matundu yake. Na grisi, akasema, ametia nyingi kama nilivyoagiza.

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi!

Hapo ndipo mtu mwenye akili angempigia Elia, amwambie mwanangu nisamehe, panda gari lolote, nalipa mimi. Simu ilikuwa mkononi. Sikupiga. Nilishindwa kutamka kwamba mimi, mwenye magari matatu, nimechanganya santuri na tramu.

Watu wakaanza kuingia. Mzee wa kamati akaniuliza, “Mwenyekiti, mbona kimya? DJ yuko wapi?”

Mdomo ukafunguka wenyewe. “Huyo kijana katuangusha. Simu hapokei.”

Basi. Maneno hayo tu. Yalizunguka ukumbi mzima kabla sijameza mate.

Sanduku langu nikalisukumia kwa mguu chini ya meza ya zawadi.

Nje honi zikalia, maharusi wamefika. Dada yangu akaingia, akasikia ule ukimya, akanitazama. Jamani, macho yale! Mtoto wake wa pekee, na hakuna hata ngoma.

“Kaka, umenifanya nini?”

“Tulia,” nikamwambia. “Unadhani nilichukua ukumbi huu bure?” Nikapiga makofi, nikapaza sauti, “Meza kuu iletwe hapa katikati! Juu ya chuma!”

Sikujua ninachofanya. Nilikuwa nasema tu.

Meza kuu ikawekwa juu ya sinia, maharusi wakaketi, keki pembeni, wazazi wa bwana harusi pembeni. Vijana sita wakashika fito. “Sukuma!” Kimya. “Sukuma!” Vijana wanakunja sura, mmoja suruali ikachanika, sinia halitikisiki hata kidogo.

Maureen akaja mbio. “Mmeelemea upande mmoja! Uzito ukilingana kote, watu wawili wanatosha.”

Na kweli, baba wa bwana harusi, Mkongomani wa Bukavu mwenye mwili wake, alikuwa amekaa upande uleule wa keki, na keki yenyewe ya ngazi nyingi. Tukamwomba ahamie upande wa pili.

“Juu ya nini munanihamisha miye? Muhamishe keki!”

“Papa, keki itaanguka.”

“Na miye je?”

Ukumbi ulicheka mpaka akacheka mwenyewe. Akahama. Vijana wawili wakasukuma kwa viganja, na sinia likaondoka! Taratibu, bila kelele, kama limepakwa siagi. Neema akajikuta anapelekwa mbele ya kila meza kama malkia, anawapungia watu, anashika mikono ya mabibi bila kuinuka. Akina mama wa kwaya wakaanzisha wimbo, mtu akageuza ndoo ikawa ngoma, vigelegele vikapanda mpaka kwenye zile nguzo. Bibi yake Neema alikuwa anatazama kwa video kutoka nyumbani. Nikamsikia kwenye simu, “Nyumba inazunguka, au ni macho yangu?”

Sijawahi kuona harusi nzuri kama ile, na nasema hivyo si kwa sababu ilikuwa yangu.

Video ikasambaa. Watu wakanipa jina, Mjomba Mzunguko. Nikaitwa kwenye vikao vya harusi za watu nisiowajua, nikakaa mbele, nikatoa ushauri. Nilikuwa nawaambia, “Ubunifu hausomewi.” Dada yangu alilia shingoni mwangu kwa furaha.

Na Elia?

Elia alikaangwa. “Usimwite yule, atakuacha kwenye mataa.” Kitchen party ya Ilford wakamtoa. Krismasi ya kanisani wakamtoa. Siku moja akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba mjomba mwenyewe ndiye aliyempigia akasema apumzike. Watu wakanisubiri nijibu. Mnajua nilichoandika? “Mwanangu, mimi nilishakusamehe.” Nikaweka na alama ya mikono inayoomba!

Nilimsamehe mtu niliyemkosea! Hapo ndipo huwa naona aibu kuliko pote.

Baadaye akaweka picha ya spika zake kwenye grupu hilohilo, zinauzwa. Niliiona, nikaipita haraka kama naruka dimbwi.

Neema akapata mtoto. Siku moja akanipigia kuhusu sherehe ya ubatizo. Yeye amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nawatafsirieni.

“Uncle, nataka Elia apige muziki. Mama amekataa. Amesema neno la mwisho ni lako.”

Nikakohoa.

“Nilipomaliza shule alinipigia muziki bure,” akasema. “Mtu wa hivyo hawezi tu kutokuja, Uncle. Siku ile kulitokea nini?”

Nilimwambia nitampigia tena. Usiku ule sikulala; kilicholala ni chakula, maana hata kula sikuweza. Kesho yake nikaenda Stratford.

Nilimkuta Elia amepiga goti, anamvalisha mtu kiatu. Aliponiona akasimama, akasema, “Shikamoo, mjomba.” Bado ananiamkia! Nikamsubiri atoke mapumziko, nikamnunulia soda, nikamweleza yote tukiwa tumekaa kwenye benchi ndani ya ile mall yenye duka lao, watu wanapita na mifuko yao.

Nilidhani atanimwagia ile soda. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwa Maureen.

“Ngoja, mjomba. Ulimwuliza turntable iko wapi?”

“Nilimwuliza.”

“Akasema?”

“Unaikanyaga.”

Kijana alicheka, akateleza kwenye benchi, akakaa chini. “Na santuri ulibeba?”

“Sanduku zima.”

“Mungu wangu! Na grisi ukaagiza nyingi!” Akapata kwikwi, soda ikamtoka puani. Kisha akajifuta uso, na kicheko kikaisha. “Mjomba, mama yangu alikuwa ananiuliza kwa nini nilimwaibisha dada Neema. Mama yangu mzazi. Hakuniamini.”

Nikatoa leso mfukoni.

“Sitaki unilie hapa,” akasema. “Ubatizo nitapiga, na nitakupa maikrofoni. Utasema ulivyoniambia, usipunguze hata ile grisi.”

Nikasema. Siku ya ubatizo, mbele ya wote, mama yake Elia amekaa meza ya mbele. Nilipofika kwenye “unaikanyaga”, baba wa Bukavu alipiga meza mpaka sahani zikaruka. Dada yangu akasimama katikati ya kicheko.

“Kumbe ndizo hizo sahani! Miezi yote hii najiuliza kaka yangu sahani alizipeleka wapi!”

Akaja kwangu, nikadhani ananipiga. Alinipita. Akaenda kumshika Elia mikono yote miwili, akamwomba radhi, na mama yake Elia akafunika uso kwa khanga. Halafu ndiyo akarudi akanipiga.

Elia akachagua santuri moja kutoka kwenye sanduku langu, alilokuwa ameniagiza nije nalo, akaiweka kwenye turntable, ile ndogo, ya kweli, akaniita. “Fundi Santuri, karibu.” Nilizungusha wimbo mmoja. Mkono bado upo, nawaambieni!

Ndugu msomaji, ukikutana na neno ukadhani unalijua, uliza. Kuuliza ni aibu ya dakika moja. Na ukishakosea, usitafute mtu mdogo wa kumbebesha kosa lako, kwa sababu atalibeba kila aendako, na wewe utakuwa unakula pilau kwa makofi ambayo si yako.

Kumwacha Elia kulituokolea pauni mia tatu na hamsini. Nimemlipa Elia hizo mia tatu na hamsini za harusi ambayo hakupiga. Spika alizouza nimemnunulia nyingine, mia tano na ishirini. Ubatizo alikataa malipo, akasema mtoto ni wetu sote. Ukijumlisha na ile soda iliyomtoka puani, kutoshangazwa kwangu kumenigharimu pauni mia nane sabini na moja na peni sitini.