Kosa la Mstari wa Tatu

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na desturi moja ambayo wakaguzi wangeikataa kama wangeijua. Mara moja kwa wiki, siku asiyoitangaza, alifanya kosa ubaoni makusudi. Aliendelea kuandika kana kwamba hakuna lililotokea, akitusubiri. Aliyeliona alipewa chaki, aende mbele alisahihishe mwenyewe. Mimi niliipata mara moja tu, nikiwa kidato cha pili, na nililala na kile kipande chini ya mto mpaka kikawa unga. Sikuwa na kipaji chochote. Nilikuwa msichana wa kuchuma majani chai kabla ya kwenda shule, mikono imepasuka kwa baridi ya Olenguruone, na yeye ndiye aliyekaa nami saa za chakula muhula mzima mpaka hesabu zikaniingia kichwani.

Nilipomaliza chuo nilirudi kufundisha palepale, darasa la jirani na lake. Siku hiyohiyo aliacha kuniita kwa jina. Akaanza kuniita mwalimu, hata nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

Mwaka jana alianza kubadilika. Alisahau miwani kila mahali. Aliwaita wanafunzi kwa majina ya wazazi wao, ambao pia aliwafundisha. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akaniambia wazazi wa kidato cha tatu wanalalamika.

"Wewe ni kama mtoto wake," alisema. "Kaa pale nyuma ya darasa, uniletee ukweli. Mzee bado ako sawa, ama tumpumzishe?"

Ningeweza kukataa. Badala yake nilichukua daftari nikaenda kuketi dawati la nyuma, asubuhi ya ukungu mzito hata taa zilikuwa zimewashwa. Kwenye mstari wa tatu alihamisha saba upande wa pili wa mlinganyo bila kubadilisha alama. Akaandika wa nne, akaandika wa tano. Hakuna mwanafunzi aliyeinua mkono. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimepata nilichotumwa.

Nikasimama. "Mzee, hapo umekosea. Mstari wa tatu."

Aligeuka, akanitazama kidogo, akatabasamu. Akapita katikati ya madawati mpaka nyuma nilipokuwa, akaniwekea chaki mkononi.

"Asante, mwalimu. Umeliona."

Utaniuliza nilisahauje. Sikusahau. Desturi ile niliikumbuka kabla hajafika kwenye dawati langu, nikaisukuma kando, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba mzee amekwisha. Nilisahihisha, nikarudi chumba cha walimu, nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja.

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya vitabu. Kazi yake ikawa kugundisha majalada yaliyochanika. Hakuniuliza lolote. Kila nilipopita alinisalimia kwa furaha yake ileile, mpaka nikaanza kuzunguka nyuma ya jikoni ili nisipite mlangoni pake. Kila siku nilijiambia kesho nitamwuliza kama lile kosa alilikusudia. Ni swali dogo, lingechukua dakika moja. Muhula ukaisha sijamwuliza. Likizo ikiwa katikati, moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa anakamua ng'ombe.

Kwenye mazishi mvua ilinyesha, hema likavuja, viti vikazama matopeni. Walimu walinichagua mimi niwasemee. Nilisema vizuri, watu wakalia, mwalimu mkuu akanishika bega. Nilitamani yale matope yanimeze palepale.

Kabla sijaondoka mkewe alinivuta kando ya ghala, akanipa mfuko wa vitabu vyake vya maandalio ya masomo.

"Alisema hizi ni zako," akaniambia. "Alikuwa anakutaja sana, mwalimu."

Nilikaa na mfuko ule wiki tatu bila kuugusa. Nilijipa matumaini ya kipumbavu kwamba ukurasa wa siku ile hautakuwa na kitu, kwamba alikosea kweli, alikuwa mgonjwa, na mimi nilisema tu nilichokiona. Jana nilishindwa kuvumilia. Nikafungua, nikaitafuta tarehe.

Mwandiko wake mdogo wa penseli ulikuwa pale, chini ya madhumuni ya somo. Kosa la leo: mstari wa 3, alama ya 7. Chini yake kulikuwa na nafasi aliyokuwa akiiacha kila mara ili baada ya kipindi ajaze jina la mwanafunzi aliyefaulu. Aliyeliona: Mwalimu. Mbele ya neno hilo aliweka alama ya vyema, kubwa, kwa kalamu nyekundu.

Ripoti yangu bado iko kwenye faili yake ofisini, na sahihi yangu chini yake.