Mkutano Uliongoja Jua Lizame

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, watu wa kwetu karibu na Suneka walifuatilia baridi ya Brazil kuliko mvua ya mashamba yao wenyewe. Wazee ambao hawakuwahi kutoka wilayani walikaa nje ya duka wakisikiliza taarifa ya habari, na redio ikitaja kwamba miti ya watu wa ng'ambo imeungua kwa baridi, waliguna kwa furaha, kisha wakaona haya. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa karibuni tu, na sikupenda hata kidogo jinsi bei ile ilivyowageuza watu. Majirani waliokuwa wakiazimana majembe sasa walilala shambani wakilinda miti yao, panga kando.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika kilichoendesha kiwanda chetu cha kahawa. Tulikiita kiwanda, lakini kilikuwa mashine moja ya kumenya chini ya bati, matangi ya kuoshea, na safu za vitanda vya kuanikia kando ya kijito. Kwa miaka mingi hakuna aliyekitamani kile kiti. Kazi yake ilikuwa kugombana na watu walioleta kahawa mbichi wakiapa kwamba imeiva, na baba alizaliwa tayari kwa ugomvi. Bei ilipopanda, kila mwanamume mwenye koti akajigundua kuwa kiongozi.

Wengi wao tuliwacheka. Mmoja hatukumcheka. Alikuwa mfanyabiashara mwenye lori, ambaye hapo awali alisambaza sabuni na chumvi madukani. Jenerali wa Uganda alipoivuruga nchi yake, na kahawa ya huko ikaanza kuvushwa kwa magendo, lori lile likaacha sabuni na kuelekea mpakani. Baada ya muda si mrefu mwenyewe akajenga nyumba ya mawe. Kahawa ya magendo ilihitaji mahali pa kuzaliwa upya: ikipitia kwenye magunia ya chama kama chetu, inaondoka ikiwa mwenyeji wa Suneka, na hakuna wa kuiuliza ilitoka wapi. Mara mbili alikuwa ameleta magunia yake kiwandani, na mara mbili baba alisimama langoni akamrudisha. Ndiyo maana alikitaka kiti. Akikipata, kiwanda cha wazee wetu kingekuwa mlango wake wa nyuma.

Siku zote uchaguzi wa chama ulifanywa Jumatano. Mwaka huo ilitangazwa kuwa utafanywa Jumamosi, eti ndiyo siku afisa wa ushirika angepata gari. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na waliomuunga mkono wengi walikuwa Wasabato. Tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi hawalimi, hawachumi, hawauzi, hawakai kwenye mikutano ya dunia. Aliyechagua siku ile alijua alichokuwa akikifanya.

Alhamisi nilivuka kijito nikaenda kwa wazazi wangu. Mama alikuwa akichambua chinsaga, mboga yetu ile chungu, na aliponiona usoni akainama zaidi juu ya sufuria. Nikamwambia baba aende mkutanoni japo kwa muda mfupi, ainue mkono, arudi kanisani.

"Mwalimu," akasema, "wewe sasa siku yako ni Jumapili. Hii ya kwangu niachie."

Kijiji kizima kiliniita Mwalimu na nilifurahi. Kinywani mwa baba neno hilo lilikuwa ukuta. Nilikuwa nimeolewa na Mkatoliki, kanisani kwao, na baba hakuja harusini wala hakuwahi kukanyaga nyumba yangu, ingawa moshi wa jiko langu aliuona kila jioni. Tangu siku ile hakuniita tena jina langu la utotoni, alilonipa yeye mwenyewe. Nilikuwa Mwalimu, nikipewa chai na kiti kama mgeni wa heshima.

"Watakuibia kiwanda, Tata," nikasema.

"Waibe. Mungu anaona."

Niliondoka kwa hasira. Njiani niliwaza kwamba Mungu ameona mengi wilaya hii bila kushuka.

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na alikuwa mwanachama kwa sababu ya miti aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mimi sikuwa na mti hata mmoja, kwa hiyo mkutanoni nisingeruhusiwa kusema. Nikamweleza wazo langu. Wakatoliki wangekuwepo Jumamosi. Kama kura ingechelewa hadi jua lizame, Sabato ingekuwa imekwisha, na Wasabato wangeshuka kutoka kwenye kanisa lao, lililokuwa juu ya mlima unaotazamana na kiwanda.

"Nani atachelewesha?" akauliza.

"Wewe. Mfanye afisa aongee."

Alinitazama kama niliyemwambia akaimbe harusini. Mume wangu akimaliza sentensi tatu kwa siku, ameshinda kutwa akihubiri. Lakini alimjua yule afisa. Alikuwa kijana msomi kutoka mkoa mwingine, na ukimuuliza jambo moja ni kama umefungua zizi, ng'ombe wote wanatoka.

"Na mvua pia itatusaidia," akasema mume wangu baada ya kufikiri sana. Kwetu mvua ya alasiri ni karibu kama desturi.

Jumamosi ilifika. Nilisimama nyuma pamoja na wanawake, karibu na matangi. Yule mfanyabiashara alikuwa ameegesha lori lake ndani kabisa ya uwanja, mdomo ukitazama watu. Alivaa suti ya kijivu na kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Watu aliowakopesha sukari na dawa za kunyunyizia kahawa walikaa mbele, kimya, kama watoto waliochelewa shule.

Taarifa zilisomwa. Afisa akafunga faili lake. "Sasa tuingie kwa uchaguzi."

Mume wangu akasimama. Niliona kofia yake ikizunguka mikononi.

"Bwana afisa, mimi iko na swali. Hii bei imepanda sababu gani? Hiyo Brazil iko wapi, na baridi yake inatuletea pesa namna gani?"

Uso wa afisa ukachangamka. Alieleza dunia ilivyo mviringo, Brazil ilivyo kubwa, na ile baridi iliyounguza miti kwa usiku mmoja. Watu wa kwetu wanaijua mvua ya mawe inavyotwanga majani ya chai huko Nyacheki, kwa hiyo walielewa. Bibi mmoja Mkatoliki, jirani yetu, akaomba nafasi.

"Sasa tukiomba Mungu bei isishuke, si tunaombea hao watu baridi ingine?"

Hakuna aliyecheka. Afisa alikohoa, akasema soko halina dini, kisha akaeleza soko. Nilitazama mlimani. Kanisa lilikuwa pale pale, kuta nyeupe, hakuna mtu aliyetoka.

Mume wangu akasimama tena. Akauliza kama ni Brazil peke yake. Afisa akatupeleka Angola, akatueleza Wareno walivyoondoka na mashamba ya kahawa yakabaki bila wachumaji, wenyeji wakipigana wao kwa wao, huku mataifa makubwa yakiwapa bunduki kila upande. Tulikaa pale kando ya kijito cha Suneka tukisikia kwamba vita vya watu tusiowajua ndivyo vilivyonunua mabati mapya ya nyumba zetu.

Mfanyabiashara alikuwa ameanza kuitazama saa yake. "Bwana afisa, hii maswali ni ya kutuchelewesha. Watu wako na ng'ombe za kukamua."

"Mwananchi ana haki ya kujua soko," afisa akajibu, akiwa ameudhika kukatizwa.

Mume wangu alikuwa bado amesimama. Swali nililompa la tatu lilikuwa juu ya mbolea. Badala yake kofia iliacha kuzunguka, akasema polepole:

"Na ya Uganda? Hiyo kahawa yao siku hizi inapita wapi?"

Vijana wawili waliokuja na lori walisimama. Afisa alimtazama mfanyabiashara haraka, kisha akatazama viatu vyake, na nikaelewa kwa nini gari lilipatikana Jumamosi.

"Hayo ni mambo ya serikali," afisa akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Maswali yamekwisha. Tupige kura."

Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Niliwachukia wote, afisa, mwenye lori, na baba yangu aliyekaa kule juu na dhamiri yake safi akituachia sisi uchafu. Niliogopa pia kwamba mume wangu hatafika nyumbani salama. Matone makubwa yakaanza kugonga bati. Mvua ikashuka kwa kelele hivi kwamba afisa alifungua mdomo na hatukusikia neno. Watu wote walikimbilia chini ya paa la mashine, tukasongamana, maadui na marafiki, tukinuka makoti mabichi. Hakuna ambaye angeweza kuhesabu mikono katika msongamano ule.

Ilipokatika, angani lilibaki wingu tupu, na kiza kikaingia kabla ya wakati. Watu walirudi uwanjani. Mlimani hapakutoka mtu. Nilimjua baba, asingeamini kiza cha wingu. Angengoja mpaka awe na hakika kwamba nyuma ya wingu lile jua lenyewe limezama. Afisa aliomba taa, ikatafutwa, ikakosa mafuta, ikatafutwa nyingine. Mwishowe mfanyabiashara akaingia ndani ya lori akawasha taa zake kubwa. Uwanja wote ukawa mweupe. Kila uso ulionekana, na yeye alikuwa nyuma ya mwanga, akiwaona wote.

Ndipo nilipoziona kandili mlimani. Zilishuka zikifuatana, zikapotea kwenye migomba, zikatokea tena karibu na kijito. Baba alikuwa mbele, suti nyeusi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Wasabato waliingia uwanjani wakajaza upande mzima. Nilishika mkono wa yule bibi nikaubana mpaka akalalamika. Tulikuwa tumeshinda, mtoto mdogo angeweza kuona hivyo.

Mfanyabiashara naye aliona. Hakupiga kelele. Alikuja mbele ya taa, akamwinamia baba kwa heshima.

"Mzee, kabla hujainuliwa mikono, uliza nani amekuwekea huu mkutano mpaka saa hii. Ni mtoto wako. Alimtuma bwana yake atushinde na maswali tangu mchana. Amekufanyia kazi yako siku ya Sabato."

Alimjua baba kuliko nilivyodhani.

Baba alinitafuta kwa macho. Nilitoka nikasimama kwenye mwanga. Akaniita kwa jina langu, lile la utotoni, kwa sauti ya zamani ya kuniita nile.

"Ni kweli?"

Nilijua jibu moja litamwachia baba kiwanda na jingine litampa mwenye lori. Mume wangu alinitazama akitikisa kichwa taratibu, nikane.

"Ni kweli, Tata."

Baba akavua kofia. Alizungumza na watu kwa Kikisii, na hakuna aliyemtafsiria afisa. Alisema amri ya Sabato haikumkataza yeye peke yake. Ilimkataza na mwanawe, na binti yake, na hata mgeni aliye bomani mwake. "Huyu ni binti yangu," akasema. "Kazi aliyoifanya leo ni kazi yangu. Kiti hicho sitakikalia." Wazee wenzake walimsihi, mmoja akamshika mkono wa koti. Hakusogea. Hawakuwa na mwingine wa kumpendekeza, wakaanza kuzima kandili zao, na mfanyabiashara akachaguliwa kwenye mwanga wa lori lake mwenyewe.

Yaliyofuata kila mtu wa huko anayajua. Magunia yasiyo ya kwetu yalianza kupita kiwandani kwetu, na mwenye lori akatoka kwenye kiti cha chama akaingia kwenye udiwani uchaguzi mkuu ulipofika. Miti ya Brazil ikapona, bei ikaanguka, malipo yakachelewa, na wengine wakapanda migomba katikati ya kahawa ili wasiione. Wapo waliomlaumu baba mpaka kaburini kwake. Mimi nilikuwa mmoja wao, na siku nyingine bado nimo.

Lakini Jumapili ile, kesho yake, tulirudi kutoka misani tukamkuta ameketi mlangoni petu, kofia magotini. Mume wangu alimsalimia na kuingia ndani kutafuta kiti kizuri. Nilimtengea baba uji wa wimbi, akaunywa wote. Bado nilikuwa na hasira ya kutosha kumwagia mtu.

"Kwa nini hukukana?" akaniuliza mwishowe. "Ungesema si wewe, ningekuamini. Sasa hivi ningekuwa mwenyekiti."

"Ungeniita Mwalimu, Tata," nikamwambia, "ningekana."