Siku Mama Alipoulizwa Anakula Mara Ngapi

Sisi tuliokulia Kalama miaka ile tulijua kusema tumeshiba kabla hatujajua kuhesabu hadi ishirini. Mgeni akiuliza, tumeshiba. Mwalimu akiuliza ni nani amekuja shule bila kunywa chai, hakuna mkono unaoinuka, darasa zima kimya, matumbo ndiyo yanayojibu. Ukipita kwa jirani wakati chakula kinapakuliwa, unasalimia ukiwa njiani na kuongeza mwendo, usije ukadhaniwa umefuata harufu. Wa rika langu najua mnatikisa vichwa. Vijana wetu wataona tulikuwa wagonjwa.

Mama yetu alikuwa na mbinu zake. Baba alichunga ng'ombe wa watu kwenye ranchi kule Konza na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama na sisi watoto watano. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, alivunja vijiti vya mti wa uani akatugawia, tutembee tukichokoa meno kama watu waliotoka kula nyama. Hebu fikiria, watoto watano wamejipanga njiani, miguu imepakwa mafuta inang'aa, kila mmoja anachokoa meno, na ndani hakuna kitu ila uji wa jana. Kaka yangu Mutua alichokoa kwa bidii hadi ufizi ukatoa damu. Mama akamwambia asijali, hata nyama ngumu humfanya mtu hivyo.

Usidhani tulikuwa na huzuni. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, kwa mpira wa karatasi za nailoni mpaka giza likaingia. Tulichimba mchanga wa mto kwa mikono, maji yakachuruzika polepole, tukayanywa yakiwa na ladha ya jiwe. Mavuno yakija tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hadi tukashindwa kuinama. Lakini kulikuwa na miaka ambayo mvua ilitupita, na miaka hiyo ndiyo sheria ya Mama ilikaza kweli kweli.

Mwaka mmoja wa namna hiyo Mutua aliivunja. Alitumwa kwa jirani yetu, Mama Ndunge, kuomba moto, na Mama Ndunge akamuuliza kama amekula. Mtoto akasema hapana. Akapewa sahani ya mahindi na maharagwe, akamaliza, akapewa ya pili. Mama alipojua hakumpiga, na afadhali angempiga. Alifungua debe la mbegu, akapangusa majivu ya kuzuia wadudu, akajaza bakuli maharagwe ya kupanda na kuyapeleka kwa Mama Ndunge, eti amemletea mboga. Msimu huo mvua ilinyesha vizuri sana. Matuta yetu mawili yalikaa matupu, yakaota magugu tu, na kila tulipopita hapo Mutua aliangalia upande mwingine.

Nayasimulia haya kwa sababu siku hizi situlii. Mama anakaribia miaka themanini na anaishi peke yake kwenye boma lile lile. Mimi nashona sare za shule Machakos mjini, na tangu kazi ipungue, unga niliokuwa nikimtumia kila wiki ukawa wa kila mwezi, kisha ukawa wa nikipata. Kila nikimpigia simu, yuko sawa, Mungu ni mwema. Halafu siku moja akanipigia Mama Ndunge mwenyewe.

"Mwende, sikiza. Mama yako anakula jioni tu. Na wewe mimi sijakuambia kitu."

Nilikwenda ofisi ya chifu kesho yake. Kulikuwa na msaada wa pesa wa kaunti kwa watu wa kipato kidogo, na fomu zilikuwa zinakaribia kufungwa. Nilijaza, nikatoa nakala ya kitambulisho, nikambembeleza Mama siku mbili nzima ndipo akaweka sahihi, uso ameugeuza pembeni. Tukaambiwa mtu atakuja nyumbani Alhamisi kuthibitisha. Nilimpigia Mama mara tatu nikimsihi asiandae chochote, wakute nyumba ilivyo. Alisema sawa.

Nilipaswa kukumbuka ninazungumza na nani. Alhamisi hiyo niliposhuka kwenye gari na kuingia bomani, uwanja ulikuwa umefagiwa hadi unaona alama za ufagio, na ndani kulikuwa na viti vya sofa. Sofa! Nilivitambua mara moja, vilikuwa vya Mama Ndunge, ambaye watoto wake wamemjengea nyumba ya matofali. Chupa ya chai ilikuwa yake, vikombe vyake, hata kitambaa cha meza. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Jikoni kuku wake wa pekee alikuwa anachemka.

"Mama, hawa wanakuja kuona kama tuna shida!"

"Wanakuja kwangu," alisema. "Hakuna mtu atakuja kwangu akute aibu."

Sikupata nafasi ya kuhamisha hata kikombe. Mgeni alikuwa tayari langoni, msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vyekundu kwa vumbi, simu kubwa mkononi. Alisalimia kwa heshima, akamwita Mama kwa jina la Susu, kama sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu, akakaa kwenye sofa na kuanza kuuliza huku akibonyeza.

"Susu, hii viti ni yenu?"

"Ndiyo. Karibu chai, mwanangu."

"Asante. Mko na mifugo?"

"Tuko na kuku."

Kuku mwenyewe alisikika akigonga kifuniko cha sufuria.

"Na kwa siku unakula mara ngapi?"

Mama akacheka kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza. "Hata mara tatu. Mungu ni mwema."

Kidole cha yule msichana kilishuka kwenye simu. Nilijua akibonyeza mara chache zaidi mambo yameisha, Mama ataondolewa kwenye hesabu ya wahitaji akiwa anatabasamu na kumimina chai. Nina miaka hamsini na mbili, nimezika mume, nimelea watoto, na bado nilikuwa naogopa jicho la Mama kama nilivyoliogopa nikiwa na miaka saba.

"Futa hiyo," nilisema hatimaye, na sauti haikuwa yangu. "Viti ni vya jirani. Kuku ni huyo mmoja na amechinjiwa wewe. Anakula mara moja, jioni. Siku zingine ni uji tu."

Mama hakugeuka kuniangalia. Nimewahi kufanya makosa mengi maishani, lakini sikuwa nimewahi kumwita mama yangu mwongo mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake.

Msichana aliinamisha kichwa. "Pole, auntie, siwezi andika maneno yako. Mwenye jina ndiye anajibu." Akamgeukia Mama, taratibu. "Susu, ni vile anasema?"

Mama alishika ncha ya leso yake, akaikunja, akaikunjua. Niliona kabisa kwamba atakataa, na kwamba nitarudi mjini kumsubiri Mama Ndunge anipigie simu nyingine, mbaya zaidi.

"Andika vile amesema," Mama akasema.

"Yote?"

"Yote. Lakini kwanza ukule."

Msichana alijaribu kueleza kwamba hawaruhusiwi kula kwenye nyumba wanazozuru. Hakumjua Mama. Alikula hadi paja la pili, akashukuru, akasema majina ya watakaopita yatabandikwa ukutani kwa chifu ili watu wote wayasome. Kisha akaaga na kwenda kwenye boma lililofuata.

Tuliosha vyombo vya Mama Ndunge. Mama ndiye aliyeanza maneno.

"Ni yeye amekuambia."

"Alinipigia. Lakini kukuambia ukweli, Mama, nilikuwa najua."

"Kutoka lini?"

"Tangu tukiwa wadogo. Ulikuwa unatupakulia sisi, halafu unasema umeonja ukipika hadi umeshiba. Tulikuwa tunaangalia ndani ya sufuria. Hakukuwa na kitu cha kuonja."

Aliacha kusugua. "Hata Mutua alijua?"

"Sote watano."

"Na hamkusema."

"Ulitukataza kusema."

Aliketi kwenye kigoda, mikono bado ina sabuni. Nilitamani anifokee.

Mwanangu yuko Syokimau. Akikosa chakula cha mchana, kufikia saa saba nimeshapokea ujumbe: "Mathe, njaa itaniua, tuma kitu." Ndugu zake wote wameupata, na marafiki, na nadhani hata mwenye nyumba. Huwa namcheka na kumwambia sisi hatukulelewa hivyo. Siku hizi namjibu haraka na simcheki sana. Angalau mtoto huyo sitakuja kumjulia hali kwa jirani.

Na bado naikumbuka meza yetu kwa uchungu na mapenzi, watu sita wamezunguka chakula cha watu wawili, kila mmoja anamwachia mwenzake na kusingizia shibe. Sijawahi kupendwa hivyo tena. Orodha haijatoka, na kila simu ikilia naikimbilia. Njaa yetu ya zamani ilikaa ndani ya nyumba, sote tukiilinda isionekane. Hii ya sasa itabandikwa ukutani kwa chifu pamoja na jina la Mama, Kalama nzima isome, na mimi, binti yake, naomba kila asubuhi ibandikwe.