Majina Mawili, Mama Mmoja

Viza ya masomo ya mdogo wangu ilifutwa kwa sababu majina yetu hayafanani. Mimi ndiye dada yake na mlezi wake tangu wazazi wetu walipofariki, na ndiye niliyemdhamini, lakini ubalozi ulisema sisi si ndugu. Kwetu Masisi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: mimi nilipewa la bibi, yeye la mvua iliyonyesha alipozaliwa.

"Yaya, dada yangu, tuache tu," alisema.

"Kuacha niliacha mimi shule. Inatosha."

Tulikata rufaa na vyeti vyetu vya ubatizo kutoka parokia ya Mweso, vyenye majina ya baba na mama wale wale. Juzi wamemrudishia viza.

Sasa ananiuliza kama kule anakokwenda kusoma kuna sombe, majani ya muhogo tunayopika kwetu.

"Ukiikosa, utapanda," nimemwambia.